Eropleni Iliyopotea Milimani

Leo twataka kuwasimulia habari ya eropleni ndogo ya abiria, aina ya Stinson, iliyoondoka Brisbane katika nchi ya Australia tarehe 19 Februari 1937 kwenda Sydney. Ndani walikuwamo watu 7: marubani 2 na abiria 5. Ilipasa kutua kwanza Lismore, lakini haikufika. Siku ile upepo na mvua vilikuwa vikali, na milima ya McPherson, iliyo mpakani mwa Queensland na New South Wales, ilifunikwa na mawingu.

Basi ikatafutwa siku nyingi, hasa upande wa kusini, kwani watu kadha wa kadha walisema wameiona karibu na Sydney. Nao hawakusema uongo kwa kusudi, waliamini kweli.

Katika milima ile alikaa mkulima mmoja, Bernard O'Reilly. Yeye alisikia kwamba watu wa bondeni waliiona eropleni ikielekea mawinguni. Akatwaa ramani, akapiga mstari toka hapo hata Lismore, akaona wavuka vilele virefu. Sisi huku tukipotelewa na ng'ombe humwuliza kwanza aliyemwona mwisho; naye alifanya vivyo hivyo.

Tarehe 27 alishika njia peke yake, akichukua mikate, siagi, vitunguu, majani ya chai na sukari. Akalala msituni. Asubuhi mawingu yakafunguka, akaona mbali, yapata maili 8, mti mmoja wenye rangi ya kahawia kati ya miti ya kijani. Umeungua? Na katika msitu uliolowa vile, moto umetoka wapi? Akauendea kwa shida nyingi, akiita, hata akaitikiwa.

Wawili walikuwa hai, siku ya kumi. Proud alivunjika mguu. Binstead alikuwa akitambaa kumletea maji, hata mikono na magoti yakachubuka. Wanne walikufa eropleni ilipoanguka na kuwaka. Wa saba, kijana Mwingereza jina lake Westray, ingawa aliungua mikono, aliondoka siku ya pili kutafuta msaada.

O'Reilly akawaachia chakula, akashuka akifuata nyayo za Westray. Akamkuta kando ya kijito, ameketi akiegemea jiwe, amekwisha kufa. Alikuwa ameanguka penye maporomoko ya maji. Akaendelea mbio mpaka nyumba za wakulima. Usiku ule ule wanaume wakaanza kufyeka njia, daktari akapanda, na majeruhi wale wawili wakateremshwa kwa machela.