Mlima Ulio Chini ya Ngao

Toeni sarafu moja mfukoni, muitazame nembo ya taifa letu iliyochorwa juu yake: simba wawili wenye mikuki, kati yao ngao, na juu ya ngao jogoo aliyeshika shoka. Huko Ujerumani hata mji mdogo huwa na nembo yake, na wenyeji huisoma kama kitabu cha habari za kale zao. Nasi tusome yetu.

Serikali ya kikoloni ilitumia simba mmoja mwekundu. Mwaka 1963 tulipopata uhuru, simba wakawa wawili, wakapewa ngao waishike. Jogoo alikuwa alama ya chama cha KANU. Watu wa KADU, tunadhani, hawakumshangilia sana.

Lakini tuteremke hadi chini, wanaposimama simba wale. Pale pana Mlima Kenya, na juu yake mazao: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Wengi hawatazami hapo. Sisi wa Membley inatupasa kutazama, maana mananasi tunayaona Thika, na kahawa ilistawi papa hapa tunapolala.

Kahawa hiyo ina historia chungu. Babu zetu waliipalilia na kuichuma katika mashamba ya walowezi, lakini kuipanda katika shamba lao wenyewe walikatazwa. Walowezi walidai kwamba Mwafrika angeeneza magonjwa ya mimea, tena wizi ungezidi. Sisi twaona waliogopa zaidi kukosa vibarua. Ruhusa ilianza kidogo kidogo miaka ya 1930 huko Kisii na Meru. Hapa Kiambu watu walingoja hadi miaka ya 1950, na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio ulioupanua mlango. Haikupita hata miaka kumi, zao lile lile lililokatazwa likachorwa katika nembo ya taifa.

Siku hizi mikahawa mingi ya Ruiru imeng'olewa, nyumba zikajengwa, ingawa jina la mji limo katika mbegu ya Ruiru 11 iliyotolewa na watafiti wa hapa mwaka 1985. Juzi mtoto wa shule ya Jumapili, mzaliwa wa Membley, alituonyesha nembo hiyo katika kitabu chake akauliza, "Hii kahawa ni mti gani?" Tukampeleka kwa mzee mmoja jirani ambaye amebakiza mikahawa minne nyuma ya nyumba. Mzee akachuma buni moja nyekundu, akamwekea kiganjani.