Usalama na Wepesi katika Mipangilio ya Mwanzo ya Windows

Mtengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta hutangulia kumchagulia mtumiaji. Wafaransa huita chaguo hilo "par défaut", yaani linaloshika nafasi pasipo jingine. Na kwa kweli watu wengi hawagusi kamwe mipangilio waliyoikuta.

Windows XP ilipotolewa mwaka 2001 ilikuwa na ukuta wa kinga, lakini ulikuwa umezimwa, usije ukazuia programu kuwasiliana. Mnamo Agosti 2003 programu haribifu iitwayo Blaster ilienea kupitia mtandao pasipo mwenye mashine kubonyeza lolote. Dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Julai, wengi hawakuiweka. Agosti 2004, kwa toleo la marekebisho la Service Pack 2, Microsoft iliuwasha ukuta huo tangu mwanzo.

Windows Vista, iliyouzwa kwa umma kuanzia Januari 2007, ilipindukia upande wa pili: iliomba idhini hata kwa kazi ndogo. Watu wakazoea kukubali bila kusoma, na idhini ya namna hiyo hailindi kitu. Windows 7 ya mwaka 2009 ikapunguza maswali.

Mjini Lubumbashi maswali hayo huja kwa Kifaransa, lugha ya shule, ilhali nyumbani na sokoni husemwa Kiswahili. Kiswahili sanifu kina "chaguomsingi". Lakini Mlubumbashi aliyezoea "par défaut" hana budi kulifasiri neno hilo kwanza, na kazi yake imesimama ikingoja jibu.