UBUYU WA KALE: Matangazo ya Biashara Yalivyoanza Kuvuruga Magrupu, Kabla Hata Hujazaliwa

Leo ubuyu wetu sio wa msanii wala mchumba wa mtu, ni wa kihistoria, na kama kawaida yetu majina hatutaji. Ila kama wewe ni admini wa grupu lolote, utajiona humu.

Naanza na langu. Grupu la mtaani kwetu lilianzishwa kwa ajili ya misiba, maji na ulinzi. Ikafika mahali kila ukiamka ni vitenge, mafuta ya nywele na mikopo ya haraka. Sisi maadmini watatu, tena tunafanya bure, tukaweka sheria: ukitangaza biashara unatolewa. Tukamtoa mama mmoja muuza vitumbua. Wiki hiyohiyo jirani akafiwa, taarifa ikapita kwenye grupu, yule mama hakuiona na hakwenda kuzika. Mtaani kwetu hilo sio jambo dogo. Nikawa nikipita kwake natazama chini. Ndio nikaanza kuchimba, hivi hili tatizo lilianzia wapi?

Basi bwana, turudi Mei 1978, Marekani. Kulikuwa na mtandao unaitwa ARPANET, unalipiwa na Wizara ya Ulinzi, unatumiwa na watafiti na watu wa vyuo. Jamaa mmoja wa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alitaka watu waje kuona kompyuta zao mpya kule California. Kuandikia mmoja mmoja akaona kazi, akatuma ujumbe mmoja kwa watu karibu 400. Anwani zikawa nyingi mpaka zikamwagika ndani ya ujumbe wenyewe!

Watu waliwaka. Mtandao ule haukuwa wa biashara, jamaa akakemewa. Lakini patamu ni hapa: wenyewe kwa wenyewe wakaanza kubishana. Kuna aliyeuliza, kama mtu ana nafasi ya kazi akawaambia rafiki zake, hilo nalo ni kosa? Huyohuyo alipoonyeshwa ujumbe wenyewe akapoa kidogo, akasema ile orodha ndefu ya anwani peke yake ni kosa tosha. Unaona? Mpaka kati ya taarifa na tangazo uliwasumbua hata wasomi.

Songa mpaka Aprili 1994. Mtu na mkewe, mawakili wa Arizona, walitupia tangazo moja kwenye makundi zaidi ya 5,000 ya mijadala ya Usenet. Makundi ya mapishi, ya sayansi, ya kila kitu. Walikuwa wanauza nini? Msaada wa kujaza bahati nasibu ya Green Card! Ndiyo, ileile inayotutoa roho Bongo. Na wakati ule kushiriki kulikuwa bure, unatuma barua yako kwa posta basi. Watu walijibu kwa hasira mpaka mitambo ya kampuni iliyowapa intaneti ikazidiwa, ikabidi wakatiwe huduma. Wao wala hawakuona aibu, wakatoa kitabu cha kufundisha wengine. Walioachiwa usafi ni wale wa kujitolea, wanafuta matangazo bila mtu kuwalipa hata senti.

Sasa 1995, San Francisco. Kaka mmoja mwandishi wa programu akaanza kuwatumia marafiki wachache baruapepe za matukio ya mjini. Watu wakaongezeka, wakaanza kuleta nafasi za kazi na vitu vya kuuza. Angeweza kuwafukuza. Yeye akawapa kila kitu chumba chake, hadi nyumba za kupanga. Baadaye alikataa mabango ya matangazo ya makampuni, akaja kutoza waajiri wanaotangaza kazi, wananchi wa kawaida wakaendelea bure kwa mambo yao mengi. Leo inaitwa Craigslist (jina lake limo humohumo, siri imevuja yenyewe).

Somo nililopata mimi: wale wa 1978 na 1994 hawakuwaudhi watu kwa sababu wanauza. Waliingia kwenye nyumba za watu bila hodi, gharama wakawaachia wenye nyumba. Mama wa vitumbua hakuwa hivyo. Yeye ni mwenye nyumba kama sisi, tunamla vitumbua kila asubuhi.

Tumebadilisha. Biashara za wakazi ni Jumamosi tu, mgeni asiyejulikana hapati nafasi, na hatolewi mtu kabla ya kuongea naye. Nikaenda kwake, "Shikamoo mama, nimekuja kuomba radhi." Akaitikia, akanifungia vitumbua vinne, ila akasema, "Wa kumuomba radhi ni mfiwa, mwanangu."

Nilienda. Wewe admini, ushawahi kumtoa mtu ukajuta? Funguka hapo chini.