Kidole gumba kwenye kioo: gemu za risasi zilivyohamia simuni

Leo turudi Machi 2009, John Carmack wa id Software alipoleta Wolfenstein 3D kwenye iPhone. Gemu yenyewe ilikuwa ya 1992, enzi za kibodi, na kibodi ina vitufe. Kioo hakina. Macho yako yanamtazama adui, kidole gumba kinateleza polepole nje ya kijiti kilichochorwa, na askari wako anasimama wima katikati ya risasi. (Nimekufa hivyo mara nyingi mno!)

Dawa iliyoenea baadaye inanifurahisha kama mwandishi wa programu: usikilazimishe kidole kutafuta kijiti, kichore kijiti pale pale kidole kinapotua. Mistari michache tu ya msimbo!

Kulenga kulisumbua zaidi, maana kidole kinachogeuza macho ndicho kilichotakiwa kufyatua. iPhone 4 ya 2010 ilikuja na jairoskopu, ikawezekana kulenga kwa kuinamisha simu. Kwenye PUBG Mobile ya 2018, wachezaji wakali walikunja vidole vya shahada juu ya kioo ili vifyatue, gumba zibaki kutembea na kulenga. Call of Duty: Mobile ya 2019 ina hata njia ambayo bunduki hufyatuka yenyewe ukimlenga adui. Mimi bado nafyatua mwenyewe, na bado nakufa.