Mwaka 1021 Ulitoka Angani

Wengi wetu tulikariri 1492, Columbus akafika Amerika, basi. Mimi mwaka huo siuheshimu sana. Kwanza, huko kulikuwa na wenyewe. Pili, hata kati ya Wazungu hakuwa wa kwanza: Waviking walikata miti pale L'Anse aux Meadows, Canada, mwaka wa 1021. Si "karibu 1021". Mwaka huo hasa. Na hakuna karani wa mfalme aliyeuandika, wasee. Uliandikwa na chembe kutoka angani.

Sikizeni vile inaenda. Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria alipanda puto hadi zaidi ya mita 5,000, akakuta mnururisho unazidi kadiri anavyopaa. Kumbe unatoka juu! Chembe hizo zenye nishati kali zikigonga hewa, zinavunja viini vya atomi na nyutroni zinaruka. Nyutroni ikigonga naitrojeni, inapatikana kaboni-14. Hiyo inashikana na oksijeni, mti unaivuta, na inabaki kwenye pete ya mwaka huo.

Kwa kawaida kiwango chake hubadilika polepole. Lakini 2012, Fusa Miyake na wenzake wa Nagoya walipima mierezi ya Japani, wakakuta kaboni-14 ilipanda kama asilimia 1.2 kati ya 774 na 775. Maze, hiyo ni noma. Wengine wakashuku nyota iliyolipuka. Hapo modeli zikaingia: unamwaga chembe kiasi fulani juu ya hewa, unafuata kaboni hadi baharini na mitini, halafu unaangalia kama pete inakubali. Hesabu za 2013 zilionyesha hakukuhitajika mlipuko mkubwa vile. Jua letu lingetosha, na barafu ya Greenland na Antaktika ikaunga mkono.

Mruko mwingine ulipatikana 993. Kwenye vipande vitatu vya mbao za Waviking, watafiti waliutafuta, wakahesabu pete 28 hadi gome. Jibu unalo.

Kinachonisumbua ni kwamba chembe hizo hizo pia huzalisha oksidi za naitrojeni, zinazokula ozoni. Tena mwaka 775 hakukuwa na setilaiti ya kuharibika. Leo ziko maelfu juu yetu, na simu yako inazihitaji hata kukuonyesha uko stegi gani.