Safu ya diski na kidhibiti chake

Safu ya diski ni kundi la diski zinazofanya kazi pamoja hadi kompyuta ikaziona kama diski moja. Msimamizi wake ni kidhibiti, yaani kadi au programu inayoamua kila kipande cha data kiandikwe wapi, na diski moja ikifa, kilichopotea kipatikane vipi. Mpango huu ulipata jina la RAID katika makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali, mradi kufa kwa diski kuwe kumetazamiwa tangu mwanzo. Tangu hapo mnunuzi huuliza kwanza idadi ya diski. Kwa ofisi ya Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, swali la kwanza lingefaa kuwa jingine: umeme ukikatika kidhibiti kikiwa katikati ya kuandika, kitatokea nini?

Jibu linategemea njia ya ulinzi. Katika RAID 1 kila kitu huandikwa mara mbili, kwenye diski mbili. RAID 5 hubana nafasi zaidi: huweka data pamoja na pariti, hesabu ndogo inayowezesha kukokotoa kipande kilichopotea. Tuseme diski ya kwanza ina 1, ya pili ina 0, na pariti ni 1. Ya kwanza inabadilishwa kuwa 0; kabla pariti haijasahihishwa, umeme unakatika. Miezi mitatu baadaye diski ya pili inakufa. Kidhibiti kinachukua 0 iliyopo na pariti ya zamani, 1, kisha kinatangaza kwamba iliyopotea ilikuwa 1. Data ambayo hakuna aliyeigusa imeharibika, na hakuna onyo lililotolewa. RAID 1 nayo inaweza kubaki na nakala mbili zinazotofautiana, lakini hitilafu huishia pale palipokuwa pakiandikwa.

Hapo ndipo Kindu inapotofautiana na chumba cha seva cha Ulaya. Maji ya mto unaopita mjini huteremka hadi mabwawa ya umeme ya Inga, ila umeme wa uhakika haupandi kurudi. Kazi nyingi hutegemea jenereta na paneli za jua. Kwa hiyo betri ya kwenye kadi, inayotunza maandishi yaliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, ina thamani kuliko diski ya nne. Mtu atasema betri kubwa ya nje yatosha. Inasaidia sana, lakini haizuii kifaa cha umeme kilichomo ndani ya seva kuungua. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wapenzi wa ZFS, mfumo wa faili unaosimamia diski bila kadi: programu hiyo haiandiki juu ya data ya zamani, huandika mahali papya kisha huhamisha kielekezi, hivyo pengo lile la pariti halipo. Wana haki, na mwenye fundi anayeifahamu asinunue kadi.

Suala la vipuri nalo linavuta upande wa RAID 1. Kindu ni mwisho wa reli itokayo kusini, na diski iliyoagizwa Lubumbashi au Goma hufika kwa treni au ndege, siku ambayo muuzaji hawezi kuahidi. Muda wote huo RAID 5 haina kinga. Hata diski mpya ikifika, kujaza upya terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 7 bila umeme kukatika. Diski ya akiba iwekwe ndani ya seva tangu siku ya kununua. Wapo watakaolalamika kwamba RAID 1 inakula nusu ya nafasi. Ni kweli, lakini kadi ikifa, diski zake mara nyingi husomeka kwenye mashine nyingine, ilhali zile za RAID 5 kwa kawaida hudai kadi ya ukoo uleule. Na faili iliyofutwa kwa makosa hufutika kote mara moja katika njia zote mbili, kwa hiyo chelezo iwekwe kwenye diski ya nje, katika jengo jingine.