Mbu anatunusaje gizani?

Usiku hapa kambini tunazima taa, lakini mbu anatufikia tu. Wengi tunasema anatuona. Hapana ndugu, hasa anatunusa. Na kujua wadudu wananusaje kumewachukua watu miaka mingi.

Tuanzie Ujerumani. Adolf Butenandt na wenzake walitaka kujua nondo dume wa hariri anavutwa na nini kwa jike. Walifanya kazi kama miaka 20, wakatumia majike karibu 500,000, ndiyo wakapata harufu yenyewe, kidogo sana. Waliitangaza mwaka 1959, wakaiita bombikoli.

Likabaki swali: harufu inapokelewa wapi? Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walipata jeni za vipokezi vya harufu kwa inzi mdogo wa matunda. Kumbe vipapasio vya kichwani vina vinyweleo vyenye vitundu. Molekuli ya harufu inaingia humo, inagusa kipokezi chake, kinafunguka kama mlango uliopata ufunguo, na neva inapeleka habari kwenye ubongo.

Mbu naye ana vipokezi vyake: vingine vya hewa tunayotoa tukipumua, vingine vya harufu ya ngozi na jasho.

Kwa hiyo tusimcheke mgonjwa wa malaria kwamba ni mchafu. Hata aliyeoga sasa hivi anapumua. Na jamani, tusikate chandarua kuzungushia bustani. Chandarua hakizuii harufu yetu, kinamzuia mbu mwenyewe.